Faili Lisilo na Namba

Jumapili, 7 Septemba 2025

Mzee Ndihokubwayo ametuaga. Miaka ishirini na miwili ameifundisha kwaya yetu ya Murungu, leo kahamia Titye kwa mwanawe. Watu wamelia. Mimi pia nimelia, ila kwa jicho moja. La pili lilikuwa kwa Manirambona.

Manirambona ni fundi cherehani. Anaimba sauti ya nne. Anasoma nota kama mtu anayesoma bei dukani, anatazama na kuimba hapo hapo. Nani asiyejua kwamba anautaka ualimu? Mimi ni katibu wa kwaya, naimba sauti ya tatu, na nota nazisoma kwa kukisia. Lakini nina simu janja, na mimi peke yangu nimo kwenye kikundi cha WhatsApp cha makatibu wa kanda.

Mwenyekiti wetu, Mama Theodosia, amesema wazi mbele ya wote. Tarehe ishirini kuna mashindano ya kwaya Kasulu, na safari hii tumealikwa kwa mara ya kwanza. Atakayetufikisha huko tukaimba wimbo wa lazima bila aibu, huyo ndiye mwalimu wetu mpya.

Na wimbo wa lazima utatumwa wapi? Kwa makatibu! Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Mke wangu Immakulata akaniuliza nina nini. Nikasema sina kitu.

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kiungo kimekuja asubuhi. Nimekibonyeza. Simu ikaandika kwamba imekamilisha kupakua. Vizuri. Imepakua ikaweka wapi?

Nimetafuta kwenye muziki, maana ni wimbo. Hakuna. Nimetafuta kwenye picha. Picha za mbuzi wetu na za harusi ya shemeji, basi. Nikabonyeza kiungo tena. Imekamilika, ikasema. Hakuna kitu! Nikaenda nyuma ya nyumba penye mtandao mzuri, nikabonyeza mara ya tatu. Baada ya chakula, ya nne. Bando linakwenda na wimbo siuoni.

Immakulata aliniona nikiitikisa simu. Akauliza kama nimepoteza kitu. Mwalimu mtarajiwa hapotezi kitu. Nikamjibu kwamba naifanyisha simu mazoezi.

Jumanne, 9 Septemba 2025

Leo kuna kiungo kingine kwenye kikundi. Chini yake maelezo marefu. Sikuyasoma, nilikuwa na haraka. Nikabonyeza mara moja. Ikakamilika, ikatoweka kama wenzake.

Sikulala na jambo hili. Nilipanda bodaboda hadi Kibondo mjini kwa Twalibu, muuza simu. Sikumwambia shida ni yangu. Nilimwambia nina rafiki, mtu wa Kitahana, si mwelewa sana, akipakua faili halioni tena. Twalibu akacheka. Akasema nimwambie huyo rafiki afungue palipoandikwa Faili, kisha Vipakuliwa, vyote vimelala humo. Nikamwambia rafiki yangu atashukuru. Nikazunguka nyuma ya duka lake, nikafungua.

Yamo! Yote! Na hapo ndipo nilipopata mwanga. Yako matano. La kwanza limeandikwa “wimbo wa lazima” bila namba. Linalofuata limeandikwa hivyo hivyo, lakini lina (1). Kisha (2). Kisha (3). Kisha (4).

Kila mwanakwaya nchi hii anajua sauti ni nne. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Wale watu wa kanda ni wataalamu kweli, wamemtengea kila mmoja lake! Na lile lisilo na namba? Hilo ni la mwalimu. Limekuja kwangu bila kuombwa. Nilisimama pale nyuma ya duka kwa muda, nimeguswa moyo.

Jumatano, 10 Septemba 2025

Mpango mkubwa. Nikimpa Manirambona wimbo mzima, kesho yeye ndiye atakuwa anafundisha na mimi nimekaa benchi. Kwa hiyo kila sauti itapewa karatasi zake tu. Itafanya mazoezi peke yake na haitaonyesha wengine. Tutaunganisha siku tatu kabla ya safari, mbele yangu, na mimi ndiye nitakayekuwa na lile lisilo na namba.

Nimekwenda steshenari ya Adija kuchapisha. Adija ni Mwislamu, kwaya haimhusu, lakini macho yake yanachunguza mno. Akasema kaka Stanislaus, hizi nne mbona ni kitu kimoja? Nikamwambia muziki una siri zake. Akasema na hii yenye (4) mbona ni ukurasa mmoja tu? Nikamwambia sauti ya nne ni wanaume wazito, hawana maneno mengi. Akainua mabega, akachapisha.

Kabla ya kutoka nimefuta yote matano kwenye simu. Mtu asije akaniibia. Karatasi ya mwalimu ipo chini ya godoro.

Alhamisi, 11 Septemba 2025

Nimegawa. Wengine walinung'unika kuhusu siri. Theodosia aliuliza kwa nini tusijifunze pamoja kama zamani. Nikasema hii ndiyo mbinu ya kisasa, imetoka kanda. Akakubali. Aliishika karatasi yake kwa mikono miwili. Akaniambia ameimba tangu ana miaka kumi na minne, sasa ana sitini na nane, na Kasulu hajawahi kuimba hata mara moja. Nikamwambia mwaka huu ataimba. Nilisema kwa moyo wangu wote.

Theodosia anafundisha sauti ya pili, Immakulata ya kwanza, mimi ya tatu. Sauti ya nne nimemwachia Manirambona mwenyewe. Ujanja! Akishughulika na wanaume wake, hatapata nafasi ya kunichimba.

Jumapili, 14 Septemba 2025

Sauti ya tatu inakwenda vizuri. Wimbo ni wa kushukuru kwa mavuno, mzito, wenye adabu.

Jioni nilipita mbele ya kibanda cha Manirambona. Wanaume sita wako ndani, wameinama, wanaimba kwa nguvu. Nikasikia maneno ya vikapu vidogo na viatu vipya. Nikasimama. Vikapu? Viatu? Sauti ya tatu hatuna viatu.

Nikafikiri vizuri. Sauti ya nne kila siku huwa na vijimaneno vyake vya pembeni. Nyingine zikiimba “tushukuru,” wao huwa bado wako “tu, tu, tu.” Nikaenda zangu. Manirambona alitoka mlangoni akaniita, akasema katibu, huu wimbo una namna. Nikajua anatafuta kisingizio. Nikamwambia afuate karatasi.

Jumatano, 17 Septemba 2025

Sijui nianzie wapi.

Tumeungana leo kanisani. Nilisimama mbele na karatasi yangu ya mwalimu. Nikainua mikono. Sauti ya kwanza ikaingia, tamu. Ya pili ikafuata, ya tatu ikajaza. Nikasikia nywele zinanisimama. Nikawageukia wanaume wa sauti ya nne, nikawapa ishara.

Wakaimba kwa kishindo, “Sisi watoto wadogo, tumevaa viatu vipya!”

Manirambona ana ndevu mpaka hapa. Pembeni yake Ndayisenga, mfyatua matofali. Waliimba bila kutetereka, kwa sababu walikuwa wameambiwa wafuate karatasi. Sauti ya kwanza ikavunjika kwa kicheko. Nikapiga kelele kwamba huu ni uhaini, Manirambona amenibadilishia maneno makusudi. Alinipa karatasi yake. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, imeandikwa kuwa ni wimbo wa lazima kwa kwaya za watoto.

Theodosia akakusanya karatasi zote. Akaziweka juu ya benchi, moja moja. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ile yangu ya mwalimu. Zote sawa, neno kwa neno. Na kila moja ina mistari ya sauti zote nne. Akaniuliza zilikuja vipi. Ikabidi nieleze. Nilipofika kwenye kile kiungo cha Jumanne, Immakulata akafunika uso kwa kitenge. Akasema ukipakua kitu kilekile mara mbili, simu yenyewe inaweka namba. Hata faili jingine likiwa na jina lilelile, nalo linapewa namba. Anajua! Kumbe anajua tangu zamani, ndivyo anavyotunza mihtasari ya kikundi chao cha akina mama.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Theodosia hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Alisema, “Ungeuliza, katibu. Siku kumi zote ulikuwa na sisi watu thelathini, na hukuuliza hata mmoja.” Kisha akakaa kwenye benchi, akatazama dirishani. Niliona aibu kweli kweli. Naandika hili kwa sababu hakuna atakayelisoma.

Alhamisi, 18 Septemba 2025

Nimeamka mtu mpya. Nimekwenda kwa Manirambona mapema, nikamsalimu kwa Kiha, mwakeye, nikamwomba radhi. Akaipokea. Tayari alikuwa na karatasi ya sauti ya tatu, anausoma mstari wa nne huku anashona mikono ya sare zetu. Wanaume wake wanafika mmoja mmoja, anawafundisha, cherehani inaendelea. Nilijitolea kusaidia kufundisha. Akaniomba nikalete maji.

Nimeleta ndoo nne. Hakuna aliyeleta nyingi zaidi.

Jumamosi, 20 Septemba 2025

Kasulu! Kwaya tisa. Nilipewa kazi ya kulinda mabegi. Nimeyalinda vizuri, halikupotea hata moja.

Zamu yetu ilipofika Manirambona akasimama mbele. Sauti ya nne iliingia chini kabisa, nzito, sawasawa, na sauti nyingine zote zikakaa juu yake. Theodosia alikuwa mstari wa mbele. Alifumba macho na kuimba na kidevu kikitetemeka. Nililia kwa macho yote mawili, juu ya mabegi, na sikumtazama mtu.

Tumekuwa wa nne. Wa nne kati ya tisa, mara ya kwanza! Theodosia alimkumbatia kila mtu, hata mimi. Kisha akatangaza kwamba Manirambona ndiye mwalimu. Watu wakapiga vigelegele.

Nimelipokea kiume. Lakini haki isemwe. Mbona sauti ya nne ilikuwa na nguvu kuliko zote? Kwa sababu wiki nzima walifanya mazoezi kwa wimbo mwepesi wa watoto, makoo yakalainika. Nani aliwapa wimbo huo? Sisemi kitu. Naandika tu.

Jumapili, 21 Septemba 2025

Katibu wa kanda amenitumia WhatsApp rekodi yetu ya Kasulu, sauti na picha. Ni hiyo moja tu. Amesema kwake ameshaifuta, simu ilikuwa inamlemea.

Theodosia ana kitochi, simu ya kupiga tu, hawezi kuiona. Baada ya misa alikuja kwetu, akakaa uani, akaiangalia kwenye simu yangu mara tatu. Mara ya tatu hakuangalia, alisikiliza tu. Akaniambia, “Nitunzie, baba. Wanangu wakija Krismasi wanione.”

Nikamwambia kwangu iko salama kuliko benki. Immakulata akasema niirushe na kwenye simu yake, ziwe mbili. Nikakataa. Kitu nimekabidhiwa mimi.

Jumatatu, 22 Septemba 2025

Habari kubwa! Katibu wa kanda ameandika kwenye kikundi kwamba amechoka. Anatafuta mtu wa kutunza nota na rekodi za kwaya zote tisa. Akauliza nani ana uzoefu wa mafaili. Nilijibu kabla watu hawajamaliza kusoma. Niliandika kwamba uzoefu ninao, tena wa hivi karibuni. Hakuna aliyeshindana nami. Nimeteuliwa! Manirambona ana kwaya moja. Mimi nina tisa.

Kufikia saa sita walishaanza kunitumia video. Ya tatu haikuingia. Simu inasema imejaa.

Sikutishika. Safari hii sikwenda kwa Twalibu, njia naijua. Nimefungua Faili mwenyewe, nikapekua mpaka chini kutafuta nani amejaza nafasi yangu. Nikamkamata. Kuna folda kubwa kuliko yote, limeandikwa Android. Simjui. Si mwanakwaya, si mtu wa kanda, na Murungu hakuna ukoo wa jina hilo. Nikafungua kuona ana nini. Nakuta ndani yake ana na WhatsApp, tena imejaa video! Ndiyo maana bando langu halikai.

Immakulata alipita na ndoo ya maharage, akaniona nimekunja uso. Akauliza kama nataka anisaidie. Nikamwambia aendelee na maharage yake, hii ni kazi ya kanda.

Nimeweka kidole juu yake mpaka alama ya kufuta ikatokea. Nikabonyeza. Simu ikauliza kama nina uhakika.

Nina uhakika.