Mtaa Wenye Umri Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimezaliwa upya! Nilipita ofisi ya mtaa kurudisha fulana na mkoba wangu wa ukarani wa sensa, nikakuta matokeo yamebandikwa ukutani. Idadi ya nyumba, sawa. Idadi ya wakazi, sawa. Halafu: wastani wa umri, miaka thelathini na saba. Ala! Si umri wangu huo? Nimesoma mara tatu. Mtaa mzima ni rika langu. Kwa hiyo ninachotaka mimi ndicho mtaa unachotaka. Wenzangu wanafanya biashara kwa kubahatisha, mimi nina takwimu. Njia nzima nimejiuliza ninataka nini. Nikapita mbele ya kioo cha kinyozi, nikaliona tumbo langu. Jibu likaja lenyewe. Jimu!

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu hataki kusikia. Chumba cha mbele, kile chenye mlango wa barabarani, eti amekwisha kumwahidi mama yake, anayehamia kwetu Jumamosi. Mama mkwe kwenye chumba cha biashara! Nimembembeleza mpaka ulimi umekauka. Mwisho amekubali shingo upande. Nina muda hadi tarehe kumi na sita. Jimu ikisimama, chumba ni changu na mama atalala na watoto. Isiposimama, nisikitaje tena chumba hicho maishani. Nimesema sawa kabla hajamaliza. Habari za mtaji hakuuliza, nami sikutaka kumsumbua. Lile jokofu lake lipo lipo tu jikoni.

Jumatano, 5 Machi

Jokofu limeondoka kwa mkokoteni mke wangu akiwa sokoni. Tumebadilishana na fundi wa vyuma. Yeye kachukua jokofu, mimi nimepata vyuma vya kunyanyua, mabenchi mawili na baiskeli isiyokwenda popote. Safi kabisa. Kisha mke wangu akarudi. Aliyosema sitayaandika, kwanza majirani wote wanayajua.

Jioni kaja karani wa takwimu wa ofisi ya mtaa, mtu wa kujitia kujua. Eti wastani si mtu, huwezi kumuuzia kitu. Akaniuliza, nilipokuwa nikipita nyumba kwa nyumba kuhesabu, niliwaona wangapi wa miaka thelathini na saba. Nikamjibu kwamba nilitumwa kuandika, sikutumwa kuangalia. Kaondoka anatikisa kichwa. Kijiba cha roho hicho.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe kawasili. Hana jino hata moja, lakini ulimi wake unauma. Nimempa shikamoo na kumpokea mizigo. Kaitikia marahaba huku anakikodolea macho chumba cha mbele, akauliza tangu lini binti yake kaolewa na gereji. Mkwe ni mkwe. Nimecheka kwa adabu.

Mchana mkutano wa mtaa kuhusu bajeti. Wazee wanataka kishikio kwenye ngazi za zahanati. Mwalimu mkuu anataka kivuko cha watoto barabarani. Maneno matupu, hakuna hata mmoja aliyekuja na takwimu! Nikasimama. Nikawaambia mkazi wa wastani ana miaka thelathini na saba, ngazi anapanda mbili mbili na barabara anavuka mwenyewe. Mwenyekiti akapiga meza kwa furaha, akasema hatimaye mtaa umepata mtaalamu. Wamepitisha maegesho ya pikipiki mbele ya jimu yangu. Babu mmoja mwenye mkongojo akauliza pikipiki za nani. Akaambiwa afuate utaratibu.

Jumatatu, 10 Machi

Ufunguzi! Mwenyekiti kakata utepe. Umati mpaka barabarani. Sema nusu yao wananifikia kiunoni na nusu wanatembelea mikongojo. Kila bibi kashika mkono wa mjukuu. Nimeuliza wazazi wa watoto hawa wako wapi. Wakanijibu kwa pamoja kwamba wamekwenda mbali kutafuta kazi, mwaka wa ngapi huu. Bibi mmoja akanikumbusha kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyemwandika yeye na mjukuu wake, nikanywa na soda yao. Soda naikumbuka, ilikuwa baridi.

Wazee wamekalia mabenchi kupumzisha magoti. Watoto wamepanda ile baiskeli watatu watatu. Hakuna aliyelipa. Si kitu. Wenye miaka thelathini na saba watakuja wakitoka kazini.

Jumatano, 12 Machi

Hawajatoka kazini.

Halafu mama mkwe! Kwa sababu ya fizi zake anajipondea ndizi mbivu na maziwa, anakula kibarazani. Juzi bibi wa jirani kaonja. Mjukuu wake, aliyeng'oka meno ya mbele, naye kaonja. Leo kuna foleni mlangoni pangu, na wanalipa! Foleni nzima vibogoyo. Wadogo wanangoja meno yaote, wakubwa hawangoji tena. Na wanakula wamekalia mabenchi yangu! Roho imeniuma. Nimemwendea mama, kwa heshima zote, nikamweleza kwamba biashara bila takwimu ni kubahatisha. Akaniuliza kama na mimi aniletee bakuli. Nimekula mawili.

Ijumaa, 14 Machi

Saa nne nimeona dirishani mwanamume wa makamo mwenye tumbo. Nimekurupuka kumfungulia. Kumbe ni mimi kwenye kioo.

Yule babu wa mkongojo kateleza kwenye ngazi za zahanati. Mguu umeteguka. Kaja na bakuli lake akakaa, akaunyoosha mguu uliovimba mbele yangu. Hilo limenichoma. Nimemsogezea benchi la pili aweke mguu.

Jumapili, 16 Machi

Chumba kimekwenda. Mke wangu hakupiga hata kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Kamwita fundi, wamekubaliana: vyuma na baiskeli virudi kwake, jokofu lirudi kwetu, mama mkwe apate pa kupoozea maziwa. Mabenchi yamebaki ya mama. Mwenyekiti anatangaza kwamba jimu aliipinga tangu mwanzo. Kwenye maegesho wamelala mbuzi. Mimi nimepewa kona ya kibaraza cha nyuma, karibu na ndoo za kufulia.

Nimekaa pale nikatafakari makosa yangu kiume. Na nimeyaona! Hesabu ilikuwa sahihi, nilichohesabu ndicho hakikuwa. Umri unahusu nini kwenye biashara ya chakula? Meno! Mara moja nimepita kwenye foleni na kalamu, nikawaomba wafungue vinywa. Watoto ishirini na kitu kila mmoja. Wazee moja, mawili, hakuna. Nikajijumlisha na mimi ili hesabu inenepe. Wastani: meno kumi na mawili kwa kila mkazi. Kumi na mawili! Mtu wa meno kumi na mawili anashindwa kutafuna nini? Karanga za kukaanga, zile kavu zinazolia mdomoni. Magunia kwa magunia. Mama mkwe na ndizi zake atanitambua.

Imebaki mtaji tu. Jumamosi mke wangu na mama yake wanakwenda harusini, watarudi jioni. Jokofu liko pale pale pake, linanguruma. Nimeongea na mtu wa mkokoteni. Anasema njia bado anaikumbuka.