Kiti cha Kavira Hakitoki Nyumbani

Jumatatu, tarehe 18 mwezi wa nane, 2025

Kwako Kavira, mke wangu,

Matanga yako yameisha. Mabenchi yamerudi parokiani, sufuria kubwa imerudi kwa mwenyewe. Uani kimebaki kiti chako tu, kile cha magurudumu matatu cha kuendesha kwa mikono. Asubuhi nimekitia hewa tena. Sijui kwa nini. Hakiendi popote.

Leo amekuja Jokébed, présidente wa chama cha walemavu cha quartier yetu. Mkwe wake alikuwa anamsukuma kwenye kiti chake. Amekataa chai. Nikajua kuna neno.

Amesema kiti si chetu. Ni cha kituo cha walemavu, walikuazima tu, na siku ile ya kukipokea ulikubali mbele ya watu wote kwamba ukiondoka kitaenda kwa mwingine. Nimesema sikumbuki. Amesema mimi ndiye niliyeanza kupiga makofi.

Huyo mwingine yuko tayari. Msichana wa Beni, kule Bungulu, jina lake Précieuse. Tarehe moja ya mwezi wa tisa anaanza sekondari. Shule iko mbali na shangazi yake hawezi tena kumbeba mgongoni. Bila kiti, mwaka huu hasomi.

Nimejibu kwamba kiti ni kigonjwa, magurudumu yamekufa kabisa. Jokébed ameinama, amebonyeza gurudumu kwa kidole gumba. Gumu kama jiwe. Akaniangalia. Mimi nikaangalia kuku.

Hakitoki! Miaka yote nimekusukuma kwenye milima ya mji huu, mbele ya macho yangu kisogo chako na fundo la kitambaa chako. Uso wako ninao kwenye picha. Kisogo hakuna aliyekipiga picha. Anayechukua kiti anachukua kisogo.

Lazima nipange kitu. Nisaidie huko ulipo.


Jumatano, tarehe 20

Mpango wa kwanza: kuficha. Kaka yako Muyisa ana depo ya viazi, ina mlango wa chuma. Nikiweka kiti nyuma ya magunia, nani ataona? Jokébed akija nitasema wezi wamepita. Uongo mdogo. Nitaungama Jumamosi.

Nimeondoka mapema, kiti kitupu, mimi nyuma kama zamani. Kosa la kwanza: kengele. Barabara ni mbovu, kiti kikiruka kengele inalia yenyewe, na mtaa mzima unaijua kengele yako. Mama wa mandazi akatoka. Fundi viatu akatoka. Kila mmoja ananiuliza Kavira anakwenda wapi, halafu anakumbuka, anashika mdomo.

Kosa la pili: mlima wa kanisa. Unajua desturi ya hapa. Hakuna mtu wa Butembo anayeona kiti kinapanda akapita bila kukisukuma kidogo. Wamama wawili wa kuni wametua mizigo yao, wameshika. Mwalimu mmoja ameshika. Nimewaambia hakuna mtu ndani, ni chepesi, ninaweza. Wamesema haidhuru. Tumefika depo sisi kundi zima, karibu tuimbe.

Muyisa amesimama mlangoni.

“Shemeki,” akasema, “unaleta kiti nikifiche, ama unaleta maandamano?”

Nimerudi nacho nyumbani. Mteremkoni wamenisindikiza pia.


Ijumaa, tarehe 22

Mpango mpya, mzuri kuliko ule. Kiti ni cha mlemavu? Basi, niwe mlemavu. Goti langu la kulia huuma mvua ikinyesha. Nimelifunga kwa kitenge kilichochanika, nimechukua fimbo ya marehemu baba, nimekwenda bureau ya mambo ya jamii.

Anayepokea watu ni Monsieur Valentin Kalala. Ni mtu wa Kasai, serikali imemleta hapa, na baridi ya Butembo haijamzoea. Huvaa sweta, halafu veste, halafu analalamika. Mtu mpole. Alinipa kiti kabla sijaomba. Hilo lilinichoma kidogo.

Ameeleza haki zote. Mwenye karte ya ulemavu hapangi mstari. Mtoto wake asikataliwe shule. Akikosa miguu, atafutiwe kiti, kama viti vipo. Nikauliza kama serikali inatoa pia kitu cha kila mwezi. Akasema sheria ni nzuri sana, ameisoma yote mpaka mwisho. Akafunga vifungo vya veste yake.

Kisha ameuliza goti linauma lini. Nimesema nikipanda mlima.

“Papa Mathe,” akasema, “kama ni goti ya mulima, donc tutapatia muji muzima karte.”

Lakini hakunifukuza. Jumanne madaktari watakaa uani mwa kituo kuangalia watu, niende na mimi waangalie goti. Nimetoka nikichechemea vizuri sana. Kufika kona nimesahau, nimekimbilia moto, pikipiki ya abiria. Sidhani ameona.


Jumanne, tarehe 26

Sitaki kuandika. Naandika.

Nimekwenda kituoni nimekaa ndani ya kiti chako. Mara ya kwanza, Kavira. Sikujua kwamba ukikaa pale unaona matumbo ya watu na vikapu vyao tu, na kwamba watu wanaongea juu ya kichwa chako kama vile umelala. Hukuniambia. Au uliniambia nikiwa nyuma, upepo ukachukua.

Mstari ulikuwa mrefu. Wenye magongo, wasioona, mama mmoja na mtoto wake asiyesikia. Wamenipisha mbele kwa sababu ya mvi zangu. Nikasema asante, nikajiona nimefika. Madaktari wawili mezani, Monsieur Kalala pembeni amejikunja na baridi yake.

Hapo ndipo kengele ya Jokébed ikalia chini kwenye mteremko. Mkwe wake amesimama kununua mégas za simu, yeye yuko peke yake katikati ya utelezi, gurudumu linazunguka mahali pamoja, kiti kinaanza kurudi nyuma.

Sikufikiri. Naapa. Miguu yenyewe imeruka. Nimeshuka mbio, goti na kitenge chake, nimemshika nyuma pale mabegani mwa kiti, bega chini, matako juu, kama nilivyokusukuma wewe siku zote. Nimempandisha mpaka juu bila kupumzika. Nikanyoosha mgongo, nikafuta jasho, nikasema haya, tumefika.

Uwanja mzima unaangalia goti langu. Fimbo ya baba iko mbali kule. Kitenge kimeshuka kwenye kifundo cha mguu.

Na kiti chako, hakikuwa na breki (ulinikumbusha breki hiyo tangu Pasaka ya mwaka jana), kikaanza kuja taratibu, kikatupita, kikashuka mlima wote peke yake kikipiga kengele, kikaingia kwenye makabichi ya mama mmoja aliyekimbia vita kule Alimbongo. Mama huyo amenitukana kwa Kinande kizuri sana. Nimeokota makabichi yote. Moja nimelinunua, lilikuwa limepasuka.

Watu wamecheka mpaka asiyesikia amecheka. Monsieur Kalala amesema anashukuru Mungu, kwa kazi yake hajawahi kuona mtu anapona mbele ya meza.

Jokébed peke yake hakucheka. Ameniita karibu, nikainama.

“Shemeki,” akasema polepole, “goti yako iko muzima. Kavira ndo alikufa.”

Nimekula kabichi jioni. Lilikuwa na mchanga.


Ijumaa, tarehe 29

Nimekubali kutoa kiti. Jokébed amefurahi, akanywa chai, vikombe viwili.

Hajui mpango wa tatu! Kiti kinatoka, ndiyo. Lakini kiti bila msukumaji ni chuma tu. Kila mtu wa hapa anajua hilo. Nani anajua namna kiti hiki kinavyovuta upande wa kushoto? Mimi. Kwa hiyo nitakipeleka mwenyewe Beni, nitamsukuma yule msichana mara moja, wataona, watasema Papa Mathe, tafadhali, baki. Kazi yangu ni kutengeneza miavuli. Beni kunanyesha pia. Nitatengenezea kule.

Breki nimeiweka mpya. Nimetoa mwavuli wako uliokuwa juu ya kiti, pia mto wa kukalia na pompe ya baiskeli, nimeviweka chini ya kitanda. Visipotee njiani tu.

Nimepanda lori la Muyisa la viazi. Nafasi haikuwepo, kwa hiyo nimekaa ndani ya kiti, juu ya magunia. Kwenye kizuizi cha kwanza abiria wote wanashuka, wanapita kwa miguu kuonyesha karte. Na mimi nikainuka. Askari, kijana wa Équateur, akaniamuru kwa Lingala nikae, mzee asisumbuliwe. Nikajaribu kueleza. Akapiga saluti. Vizuizi vyote ikawa hivyo. Kimoja wamenipa ndizi.

Hukubaliwi kuwa mlemavu mbele ya madaktari, unakubaliwa juu ya viazi. Ndizi nimekula.


Jumapili, tarehe 31

Bungulu. Shangazi anaitwa Mama Kaswera. Amenipokea na sombe na samaki, amesema “wasingya, wasingya”, asante juu ya asante, mpaka nimeona haya. Précieuse ana miaka kumi na tano, mikono yenye nguvu, mdomo wenye nguvu zaidi. Ameuliza kwa nini kiti kina nafasi ya mwavuli lakini mwavuli hakuna. Nimesema aliyetengeneza kiti alikosea.

Baada ya misa nikatangaza somo la kusukumwa. Nikaeleza yote. Mlimani ajiegemeze mbele, mteremkoni aegemee nyuma, asiguse breki bila kuniuliza. Nikashika mahali pangu nyuma. Yeye akageuka kulia, akageuka kushoto, akaangalia barabara yote.

“Mais Papa,” akasema, “mulima iko wapi?”

Kavira, hapa hakuna mlima. Njia imelala kama mkeka, mpaka huko mbele kabisa! Nimeishi maisha yangu yote saa chache kutoka hapa na sikuwahi kufikiri jambo hili.

Akashika vishikio, akazungusha. Mikono yangu ilibaki hewani. Kiti kimevuta kushoto kidogo, akakirudisha mwenyewe kwa kiuno, bila kufundishwa.


Jumatatu, tarehe moja mwezi wa tisa

Siku ya shule. Blauzi nyeupe, sketi ya bluu, Mama Kaswera amempaka mafuta mpaka anang’aa. Nimesema nitasindikiza siku ya kwanza tu, kwa usalama. Jirani mmoja, Luc, akauliza nani atamsindikiza msindikizaji. Nimempuuza.

Nilikuwa nyuma yake hatua chache za kwanza. Nywele zake zimesukwa, hana kitambaa. Kisogo kingine kabisa. Nikaanza kukimbia. Na mikono, unajua mikono yangu, ilijinyoosha yenyewe ikashika.

“Papa, achilia. Utaniangusha.”

Maneno yako! Pale kwenye mteremko wa sokoni, ukiwa na kikapu cha mikate mapajani, kila asubuhi ulipiga kelele hivyo: Mathe, achilia, acha niteremke. Ukicheka. Nami sikuachilia hata siku moja. Niliogopa. Nilidhani ni mchezo tu, kumbe labda ulitaka kweli.

Nimeachilia.

Amekwenda. Vumbi kidogo. Kwenye kona amepiga kengele mara mbili, bila sababu, njia ilikuwa tupu. Wanafunzi waliokuwa wanatembea wakaanza kumkimbilia nyuma, wasimpate.

Aliporudi mchana aliuliza mama mwenye kiti alikuwa anakwenda nacho wapi. Nimemwambia sokoni, kuuza mikate, na kanisani, na mara moja uwanjani Rughenda kuona ndege inashuka. Akauliza kama ndege ilishuka. Nikasema haikushuka siku ile, tulikula mikate tukarudi. Akasema hiyo ni safari nzuri.


Alhamisi, tarehe 4

Butembo. Nimerudi jana. Uani kuna mahali patupu palipokuwa na kiti. Kuku wamepachukua.

Jokébed amekuja kuuliza habari. Nimesimulia yote, shule, kengele, njia iliyolala. Akauliza kama sasa nimejifunza kuachilia vitu vya watu. Nimesema kabisa. Nimesema mimi ni mtu mpya.

Kisha akaniomba pompe, gurudumu lake limelegea. Bila kufikiri nikaingia chini ya kitanda, nikaitoa. Akaishika, akaisoma kila upande, ina alama ya kituo. Akaiweka mapajani, akasema kesho kuna mtu anakwenda Beni.

Mwanamke yule!

Haidhuru. Hakuona mwavuli. Hakuona mto. Na mpango huu wa sasa hauna kasoro, nimeufikiria lori zima: mvua ikizidi nitapeleka mwavuli, mimi mwenyewe, vyuma vyake nimevinyoosha tayari. Noeli nitapeleka mto. Kila nikienda nitaangalia breki. Na kabla ya Pasaka nitakuwa nimekumbuka kitu kingine ambacho kiti kinakosa. Kengele ile, kwa mfano, ni ya zamani. Inahitaji mtu wa kuichunguza.

Mvua imeanza. Goti linauma kweli leo. Nikipata nafasi Jumatatu nitapita kwa Monsieur Kalala, nimwonyeshe tu.

Kavira, kama huko kuna mteremko, shuka. Sikushiki. Lakini ukikuta mlima, unikumbuke.