Mtu Mmoja Pande Mbili za Uwanja

Gazeti lilifika kijiweni likiwa limeshasomwa na watu watatu, na kama kawaida aliyelidaka ni Wakili. Huyu si wakili hata kidogo. Ni mlinzi wa lango la mahakama, lakini miaka tisa ya kuwafungulia mahakimu geti imempanda kichwani, na sasa hawezi hata kuomba sukari bila kuanza na "kwa heshima na taadhima". Kijiwe chenyewe ni benchi moja kwenye baraza la duka langu la ushonaji. Mimi nashona mlangoni, nawasikia wote, na Mungu anajua ninavyowavumilia.

"Sikilizeni," Wakili akasema. "Ile filamu ya mapenzi ya tenisi, ile waliyoipiga kwenye uwanja wetu hapa mwaka jana. Gazeti limeihesabia makosa thelathini na mawili."

"Tu?" akauliza Chupa, mama anayetuuzia chai. Jina kapewa kwa chupa yake kubwa, na kwa kuwa maneno yake nayo hutoka ya moto. "Mimi niliiona Jumapili. Thelathini na mbili ni kabla watu hawajakaa vizuri."

"Kosa la kwanza. Binti anatoka kwao nywele zimesukwa, anafika uwanjani zimetimka, anapiga mpira mara mbili, zimesukwa tena."

"Nipeni namba ya msusi huyo," akasema Chupa.

"Kosa la tatu. Kijana amevunjika mkono wa kulia, bandeji iko mkono wa kushoto, na anampungia mchumba wake kwa yote miwili. Kosa la tano. Refa anamtoa binti kwa kadi nyekundu."

"Kadi nyekundu kwenye tenisi?" nikauliza.

"Na sekunde mbili baadaye yuko uwanjani anacheza, analia. Kosa la sita. Alama zinakwenda kumi na tano, thelathini, arobaini na tano, sitini, sabini na tano."

Hapo Nyuzi akashindwa kuvumilia. Nyuzi ndiye fundi wa kufunga nyuzi za raketi pale uwanjani, mtu mpole, lakini ukigusa tenisi umegusa donda.

"Baada ya thelathini ni arobaini," akasema. "Niliwaambia kwa mdomo wangu. Mwongozaji akanijibu kwamba watazamaji wanajua kuhesabu, nisiwavuruge."

Wakili akalishusha gazeti polepole.

"Uliwaambia lini? Walipiga ile filamu siku moja tu, Jumamosi. Na Jumamosi ile mama mkwe wako alikuwa anahama nyumba, na wewe ulikuwa kitandani mgongo umekaza."

Nyuzi akanywa chai kutoka kikombe ambacho kilikuwa tupu tangu saa nane.

"Endelea kusoma," akasema.

"Kosa la kumi na saba," Wakili akaendelea, sasa kwa sauti ya mahakamani. "Mtazamaji mmoja, mwanamume, mwenye shati la maua makubwa ya zambarau na ndege wa njano, anaonekana ameketi pande zote mbili za uwanja kwa wakati mmoja."

Tukamgeukia Nyuzi sote. Alikuwa amelivaa. Shati lile nilimshonea mimi, kwa kitambaa cha pazia kilichobaki baada ya mteja kubadili mawazo, na naweza kuapa mbele ya yeyote kwamba duniani hakuna la pili.

"Mimi nilishamwona tangu Jumapili," akasema Chupa. "Nilikuwa nasubiri gazeti."

Basi ikabidi aeleze. Mwongozaji alikuwa na viti mia nne na watu ishirini. Wakiketi kulia wanapiga makofi, kamera inazimwa, wanakimbizwa kushoto, wanapiga makofi tena. Baadaye wakaziunganisha picha mbili kuwa moja. Nyuzi alikwenda pale kupeleka raketi tu, akaombwa akae, akakaa. Alikaa kulia, akakaa kushoto, akasimama, akaruka. Mgongo ulikuwa mzima kama reli.

"Kwa nini hukumwambia mkeo ukweli?" nikamuuliza.

"Fundi, ningesemaje? Kwamba mama yake anabeba magodoro na mimi naangalia watu wanabusiana juu ya wavu?" Akakiweka kikombe chini. "Na sasa wameenda wote wawili, yeye na mama. Onyesho la saa nane. Linatoka saa kumi."

Saa ya ukutani dukani kwangu ilionyesha saa kumi kamili. Hapo ndipo nilipomwonea huruma. Mkewe ni mwanamke wa maneno machache. Mwenye maneno mengi humalizana nawe siku hiyo hiyo, lakini huyu anaweza kukaa na neno moja mpaka watoto waoe.

Wakili akakunja mikono ya shati. "Msiogope. Kesi hii tunaishinda. Shahidi wao mkuu ni filamu, sivyo? Sasa filamu hii imesema baada ya thelathini ni arobaini na tano. Uongo. Imesema tenisi ina kadi nyekundu. Uongo. Shahidi aliyesema uongo mara thelathini na moja, ya thelathini na mbili tumwamini kwa lipi?"

"Saa ikikosea majira haimaanishi leo si leo," akasema Chupa.

"Mama, usimsaidie mlalamikaji."

"Namuuzia chai mlalamikaji pia."

"Hoja ya pili," akasema Wakili. "Binadamu hawezi kuwa pande mbili kwa wakati mmoja. Filamu inamwonyesha Nyuzi pande mbili. Kwa hiyo anayeonekana si binadamu. Nyuzi ni binadamu. Kwa hiyo si Nyuzi."

Nyuzi akainua kichwa. Nikaona tumaini linamrudia usoni, na naungama kwamba hata mimi, mtu mwenye akili zangu, kwa dakika nzima niliona hoja imekaa sawa.

"Kuna shida moja," akasema Chupa. "Bao la mwisho likifungwa, Nyuzi wa kulia anarukaruka kwa furaha. Nyuzi wa kushoto ameshika kichwa, anataka kulia."

"Walituambia kushoto tuwe mashabiki wa kijana," akasema Nyuzi. "Kulia tuwe wa binti."

"Safi kabisa," akasema Wakili. "Hawakubaliani hata wao kwa wao. Mtu hawezi kujipinga hadharani namna hiyo. Ni watu wawili tofauti, na hakuna hata mmoja tunayemjua. Sema hivyo hivyo, usiongeze neno."

"Njia ya mwongo fupi," Chupa akasema, akimimina chai. "Na hii ina mita ishirini tu. Wale pale wanavuka barabara."

Kweli walikuwa wanakuja. Mama mkwe alibaki ng'ambo, kwenye kivuli cha duka la dawa, akafungua mfuko wa karanga. Mke wa Nyuzi akavuka peke yake. Akatusalimia mmoja mmoja, vizuri kabisa, na hilo lilinitisha kuliko matusi. Wakili akajifunika gazeti.

"Baba watoto," akasema.

"Mama watoto. Filamu ilikuwaje?"

"Nzuri. Mama amecheka mpaka akatolewa nje mara moja, akarudishwa."

Nyuzi akavuta pumzi. "Ile filamu ina makosa mengi sana, mke wangu. Gazeti limesema. Hata alama wamekosea. Na kuna mtu wamemweka pande zote mbili kwa wakati mmoja, kitu ambacho binadamu, kwa heshima na taadhima, hakiwezi."

Nikaona gazeti la Wakili likitikisika.

"Tumemwona," mkewe akasema. "Mama ameniuliza, kati ya wale wawili, ni yupi aliyemwoa binti yake."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke yule alimtazama mumewe, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Siku tatu nilikuchua mgongo. Naamka alfajiri nakuchua. Lakini si hilo lililoniuma. Yule wa kulia alivyoruka, alivyocheka kwa meno yote. Miaka kumi na moja niko nawe ndani, sijawahi kukuona na furaha ile. Nimekaa gizani nikajiuliza, huyu mtu kwetu haji mbona?"

Nyuzi akasimama kutoka kwenye benchi. Macho yalimlowa, na nilimwamini kuliko nilivyoamini hoja zote za Wakili.

"Nilidanganya," akasema. "Nilikuwa mimi. Kulia mimi, kushoto mimi. Nisamehe."

"Basi usiombe msamaha bado, hujasikia," akasema mkewe. Midomo ilikuwa imeanza kumcheza. "Mama ile nyumba mpya haimfai, kuta zina unyevu. Anahama tena Jumamosi. Lile kabati lake la mninga mara ya kwanza lilibebwa na wanaume wanne. Safari hii mama hatafuti mtu. Amesema kwa kuwa mkwe wake ni wawili, wa kulia atashika chini, wa kushoto atashika juu. Ghorofa ya nne."

Nyuzi akatazama ng'ambo. Mama mkwe akampungia karanga.

"Na huyo wa kulia," mkewe akaongeza, "mama anataka apande ngazi anaruka vilevile."

Wakili akakunja gazeti kwa adabu, akarudisha kikombe kwa Chupa, akatangaza kwamba kikao kimeahirishwa hadi Jumatatu, maana Jumamosi yeye, kwa bahati mbaya, hatakuwepo mjini.