Korongo, Shela na Kilemba cha Baba Mkwe

Jumanne, 9 Januari
Bado akiingia mlangoni moyo unaniruka. Jina lake siliandiki. Mke hataji jina la mumewe, hata kwa kalamu. Yeye tu. Nywele zake. Anavyopuliza chai.

Tatizo. Jumatatu anarudi kazini Jodhpur. Rafiki yake Teekam, mwenye studio huko, anatafuta mwanamke wa kupiga picha za harusi msimu ukifunguliwa baada ya sikukuu ya Sankranti. Nikipata kazi, tunaondoka wawili. Nisipopata, nabaki kwa mama mkwe mpaka sikukuu ya Holi mwezi Machi, nikikanda unga wa uwele.

Wakati wa uchumba nilimwambia kwamba mimi hupiga picha ndege wakiwa angani. Sijui kwa nini. Alikuwa mzuri sana siku ile. Akamsimulia Teekam, na Teekam anakuja Jumapili kuona picha moja.

Mume amenipa kamera yake. Sijawahi kushika kamera. Lakini korongo wamejaa nyuma ya nyumba, kila asubuhi wanakula nafaka ya baba mkwe. Itakuwa rahisi.

Jumatano, 10 Januari
Si rahisi. Ukimwona korongo kwenye kioo, ameshapita. Nimepata miguu, mikia na anga nyingi. Wifi yangu Imarti alizipitia picha zote polepole, akauliza kama vichwa wameviacha Mongolia walikotoka. Nikamwambia ndio mtindo wa kisasa. Akasema basi jioni atanipikia chapati ya kisasa, isiyo na katikati.

Mume kanifundisha: nimfuate ndege kwa mwili mzima, kama ninayecheza, nibonyeze huku nikizunguka. Akanishika kiuno kunionyesha. Yaliyofuata sikuyasikia.

Ijumaa, 12 Januari
Kuzunguka nimekuweza. Leo nikiwa juu ya paa korongo waliinuka wote pamoja, nikazunguka nao, mkono umetulia. Waliinuka kwa sababu baba mkwe alikuwa anakuja na ndoo. Mkono wenyewe ukashusha shela usoni, kamera na yote, kama mkwe mwenye adabu anayemficha baba mkwe uso. Picha zote ni nyekundu. Nyekundu nzuri, yenye nakshi. Mume alisema ni rangi ya siku yetu ya harusi. Nampenda mno. Imarti aliuliza kama korongo nao wamejifunika uso.

Sijalala. Holi iko mbali.

Jumamosi, 13 Januari
Wazo! Nimekata tundu kwenye shela, duara, sawasawa na lenzi. Heshima ipo, picha ipo. Ni shela ya harusi, lakini nani atatazama?

Baadaye. Baba mkwe alitazama. Aliinua macho akaona juu ya paa kitu chekundu chenye jicho moja la kioo, kinazunguka polepole. Akarusha ndoo. Korongo wakatimka. Kilemba kikamtoka. Mimi nabonyeza tu.

Baba mkwe hasemi nami, ndiyo desturi. Kwa hiyo, nikiwa nimesimama palepale, alimwambia mbuzi: mwambie bibi harusi kwamba nimelisha ndege hawa tangu ujana na hawajapata kuniona kichwa wazi. Mbuzi akaendelea kutafuna. Kisha mama mkwe akaliona lile tundu. Aliyosema siyaandiki.

Picha: korongo wote ni moshi mtupu. Kilicho wazi ni kilemba, kila mkunjo, mkia umenyooka, kinaelea. Chini yake upara.

Jumapili, 14 Januari
Sankranti. Mama mkwe anagawa ladu, vitufe vitamu vya ufuta. Nimeikata picha kwa chini, upara ukatoka. Nikamwambia Teekam huyu ni ndege adimu sana.

Akaisogeza picha karibu na macho. Akasema ndege huyu amefungwa kwa mtindo wa kijiji hiki. Imarti alicheka mpaka akakaa chini. Nikaanza kuuona unga wa uwele.

Teekam akasema korongo hawaalikwi harusini, lakini vilemba hurukaruka kila ngoma inapopamba moto, na hajapata mtu wa kukinasa kimoja hivi. Kazi ni yangu. Kesho tunaondoka wawili! Baba mkwe alimwambia mbuzi kwamba anataka nakala, ile isiyo na upara.

Langoni Teekam aliuliza kama naweza kupiga picha msafara wa bwana harusi nikiwa juu ya ngamia, mikono yote kwenye kamera. Nikamjibu nimezaliwa juu ya ngamia. Baba yangu anauza cherehani mjini Bikaner.

Sijui kwa nini nilisema vile. Mume wangu alikuwa amesimama palepale langoni, mzuri sana.