Kibali cha Jitu Lililoficha Jua

Nina heshima kuutangazia umma kwamba, tangu mwaka jana, majitu yote ya hadithi za kale yako chini ya Idara yetu. Mwandishi anayetaka kulisimulia jitu upya sharti apitie mezani kwangu, mimi Mkaguzi Msaidizi wa Visasili.

Wa kwanza kuja alikuwa mwalimu mstaafu aliyetumia miaka minne kuandika riwaya ya lile jitu lililoficha jua, watu wakaishi gizani. Mchapishaji alimpa wiki moja alete kibali, la sivyo waachane.

Nilisoma kurasa kumi, nikashika kichwa.

"Dada, jitu la asili lilivaa ngozi. Lako limefunga tai, tena lina katibu muhtasi."

"Wasomaji wangu hawajawahi kuonewa na mtu aliyevaa ngozi, kaka."

"Na jitu lenyewe limeridhia mabadiliko haya?"

"Lilikufa, kaka. Mwisho wa hadithi."

"Basi lete cheti cha kifo."

Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni, machozi yakimlengalenga. Nilimwonea huruma kwa mujibu wa taratibu, nikaipandisha riwaya kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi aliisoma siku mbili, mlango ameufunga kwa ndani. Siku ya tatu akaniita, jasho linamtiririka.

"Huyu mama ananisema mimi!"

"Mheshimiwa, ni kisasili."

"Kisasili gani? Hebu andika!"

Niliandika, nikatia saini kuthibitisha kwamba kila neno ni la kweli, nikapeleka magazetini: "Mkurugenzi anakanusha kufananishwa na jitu. Jitu lilificha jua. Yeye alihifadhi tu taa mia nne za shule, na hazipo stoo kwa shemeji yake kama inavyodaiwa."

Hakuna aliyekuwa amedai chochote. Kabla ya adhuhuri wapelelezi walikuwa stoo kwa shemeji, wanashusha maboksi. Alasiri wakatua kwetu.

"Hii saini ya nani?"

"Yangu," nikajibu, kifua mbele.

Riwaya ilitoka bila kibali, kwa kuwa ofisini hakubaki mtu wa kuikataa. Nasikia inauzwa kama njugu. Mimi nimeshaisoma mara mbili. Huku tuliko tunaruhusiwa kusoma saa moja tu kwa siku, na nakala ni moja, hivyo tunapanga foleni. Mkurugenzi yuko nyuma yangu. Jana aliniomba nimpishe. Nikamwelekeza aandike barua.