Jiko la Hewa na Jogoo wa Baba Mkwe

Walisema sitamaliza shule. Nikamaliza. Walisema Dar es Salaam itanimeza, nitarudi Tarime na mfuko wa plastiki. Nikarudi na diploma ya uendeshaji wa hoteli, na sasa nina gesti ya vyumba sita hapa Bomani, kila chumba na feni yake. Walisema Ghati, binti wa watu wa Ringwani, hatamaliza mwaka kwangu. Tuna mwaka wa nne.

Wote niliwanyamazisha. Akabaki mmoja, na mbele ya huyo mmoja leo nimejianika mchana kweupe. Naandika mwenyewe sasa hivi, kabla Mama Bhoke wa jirani hajawaandikia kwa mtindo wake.

Huyo mmoja ni baba mkwe wangu, Mzee Nyamhanga. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kula nyumbani kwangu. Akipita Tarime kwa shughuli zake anaingia, anakaa kiti cha karibu na mlango, anapewa maji, anakunywa, anasimama. "Nimekunywa maji, inatosha." Mzee akisema hivyo kwa mkwe wake, maana yake inajulikana: bado sijaona mwanaume wa kunilisha hapa.

Juzi akapiga simu. Anakuja leo na mdogo wake, Wambura, na safari hii watakula.

Mtu mwenye akili angenunua mkaa. Mimi nina diploma.

Kwa wiki mbili nilikuwa nabishana na Ghati kuhusu air fryer, lile jiko la umeme linalokaanga kwa hewa ya moto, bila mafuta. Nilitaka tununue. Yeye hakutaka. Nilimpa hoja zote: hakuna moshi, hakuna mafuta ya kuganda kwenye moyo, unabonyeza, unakaa, linalia lenyewe.

"Linaingiza kuku mzima?" akauliza.

"Linaingiza."

(Sikuwa nimepima.)

Chacha mwenye duka la vifaa vya umeme alikuwa nalo moja. Kwa kuwa ananiheshimu, akaniazima siku moja nijaribu. "Ukilipenda utalilipia. Usipolipenda lirudi safi, mura. Lisinuke kuku." Nikaona Mungu amepanga. Baba mkwe anakuja, na jiko la kisasa limekuja. Siku moja, ushindi mara mbili.

Saa tatu asubuhi Mama Bhoke aliingia na jiko lake la mkaa kichwani. Ghati alikuwa amemwomba, maana letu limetoboka chini na mtungi wa gesi ulikuwa mtupu. Nikampokea mlangoni, nikamrudisha nalo. Nikamwambia kwa upole kabisa kwamba nyumba hii imeshahama kwenye mkaa. Akaniangalia. Akaliangalia lile jiko juu ya meza.

"Ndiyo hiyo helmeti?"

Msomi hajibizani.

Nikiwa barabarani kutafuta viazi, nikasimama pia kwa Samweli anayekaanga chipsi kwenye kona. Nikamweleza, bila yeye kuniuliza, kwamba mafuta yake yale meusi ni sumu, na kwamba wenzake mbele huko hawakaangi tena hivyo. Watu watatu walikuwa wanasubiri chipsi. Mmoja akaondoka. Nilijisikia vizuri sana. (Kumbukeni tu kwamba ilikuwa asubuhi.)

Ghati akaniuliza swali la mwisho kabla hajaenda stendi kuwapokea wazee: "Na ugali?"

"Leo ni viazi vya hewa. Wazee nao wanahitaji kuona dunia."

Akavuta kanga, akaondoka. Wanaume wenzangu mliooa mnajua, hapo ndipo mtu angesimama akafikiria upya.

Nikachinja. Jogoo wa kienyeji, mkubwa, mwenye umri wa kupiga kura. Sasa nieleze jambo kwa wasiotoka huku. Baba mkwe akija kula, hapelekewi vipande vipande kama mteja. Anapelekewa jogoo mzima kwenye sinia moja. Unaweza kumkata, lakini viungo vyote viwepo, na firigisi iwe juu, mbele yake. Wazee hawahesabu kwa mdomo. Wanahesabu kwa macho, na hawakosei.

Nilivuta ile droo ya jiko. Nikamweka jogoo. Akabaki nje kiuno chote na miguu, kama mtu anayeoga kwenye beseni la mtoto. Nikamkunja. Nikamsukuma kwa magoti. Akagoma. Nikampasua katikati, upande wa kushoto na upande wa kulia, nikasema haidhuru, tutapika kwa awamu. Upande wa kushoto ukaingia. Firigisi na viazi vikasubiri awamu ya pili.

Mpishi wa kwenye video niliyotazama kwenye simu alisema dakika ishirini na tano. Nikaweka thelathini, nikaona nimempa jogoo heshima ya ziada. Kilichonipita ni kimoja: kuku wa kwenye video alikuwa wa kisasa, hajawahi kukimbia hata hatua kumi maishani mwake. Huyu wangu alikuwa mwanariadha.

Jiko likalia. Nikavuta droo. Ndugu zangu, kwa macho alikuwa mzuri. Rangi ya dhahabu, ngozi inametameta, harufu imejaa sebuleni. Nikapiga picha, nikaiweka mtandaoni. (Ile mliyoipenda asubuhi ndiyo hiyo. Rudisheni alama zenu.)

Nikaingiza upande wa pili, viazi pembeni na firigisi juu yake. Hapo hapo mlango ukagongwa. Wazee wamepata lifti mpaka stendi, wamefika na Ghati saa moja na nusu kabla ya wakati.

"Shikamoo baba. Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba."

Baba mkwe hakukaa kiti cha mlangoni. Alikwenda mpaka ndani, akakaa kiti kikubwa, akaweka fimbo chini. Nikajiona nimeshashinda. Ghati akanivuta pembeni. "Subiri nusu ya pili. Wape chai kwanza." Nikamwambia kwa sauti ya chini, ile niliyokuwa naitumia mapokezi, kwamba kwenye hoteli kubwa chakula kinakuja kwa awamu. (Ukweli ni kwamba kwenye hoteli kubwa nilikuwa mapokezi tu. Jikoni nilipita siku ya mafunzo.)

Nikanawisha wazee mikono. Nikaleta sinia. Nikafunua.

Wambura ndiye aliyeanza. Aliinama, akamtazama kuku upande mmoja, kisha upande ambao haukuwepo. "Mkwe, huyu alipata ajali?"

"Hapana, baba mdogo. Ni awamu ya kwanza."

Baba mkwe alikuwa anatafuta kitu kwenye sinia kwa macho. Nilijua anatafuta nini. Akarudisha mkono kwenye goti.

"Tumekukuta na mgeni," akasema taratibu.

"Hakuna mgeni, baba. Ni nyinyi tu."

"Nusu hii ni yangu. Nusu nyingine yenye firigisi ni ya mkubwa kuliko mimi. Si vibaya. Mwite basi atoke chumbani, tusalimiane."

Nilijaribu kucheka. Nilicheka peke yangu. Nikaeleza kwamba mwenzake yuko ndani ya jiko. Neno "mwenzake" nilimaanisha ule upande wa kuku, lakini Wambura akamfikiria yule mgeni, akatazama dari. Ikabidi nilete jiko lenyewe sebuleni, nichomeke, lingurume mbele yao.

"Hii si redio?" akauliza Wambura.

"Ni jiko, baba mdogo."

"Moto uko wapi?"

"Ni hewa."

Wazee wakatazamana. Baba mkwe akauliza aliyepika ni nani. Nikasema mimi, kwa kujivuna kidogo, maana hata hapo nilikuwa bado sijaelewa hali ilivyo. Akamgeukia binti yake.

"Ghati, unaumwa?"

"Siumwi, baba."

Katika kuokoa jahazi nikawasihi waonje. Wambura ni mtu mwema, akachukua paja. Akang'ata. Paja likakataa. Akabadilisha upande wa meno, akavuta kwa mikono miwili, shingo ikatoka mishipa. Mwisho akalirudisha kwenye sinia kwa adabu, jinsi lilivyokuwa, bila hata alama.

"Huyu," akasema, "bado anawika."

Wakati huohuo jiko likalia. Nikavuta droo kwa haraka, nikitumaini firigisi itanitetea. Feni ilikuwa imeipiga upepo wa moto mpaka imekuwa ndogo, nyeusi, ngumu, kama kifungo cha koti. Nikaiweka kwenye kisahani. Ikagonga kisahani. Tuliisikia wote.

Baba mkwe akaokota fimbo yake. "Ghati, niletee maji."

Nilijua kinachofuata. Akinywa yale maji, imekwisha. Miaka minne mingine, au hata milele. Ghati hakuleta maji. Alisimama mlangoni akasema, "Baba, maji yanachemka. Kaa." Halafu akanigeukia na jicho ambalo sijaliona tangu siku ya harusi. "Wewe. Jiko."

Nilitoka mbio na shati langu jeupe.

Mama Bhoke alikuwa amekaa uani kwake, jiko lake liko mbele yake, limeshawashwa. Linanisubiri mimi. Nikamsalimia. "Helmeti imezima?" akauliza. Nikamwambia naomba jiko. "Si mmeshahama kwenye mkaa?" Nikamwambia tumerudi. Akalisogeza kwa mguu. "Mura, shika upande huu, usiungue. Diploma haitibu malengelenge."

Mkaa wa ziada na mafuta vikabaki kutafutwa. Vilikuwa kwa Samweli. Akanipimia mkaa kwenye ndoo. Nilipotaja mafuta akaacha chipsi zake.

"Yapi? Haya ya sumu?"

"Samweli, ndugu yangu, nisaidie."

"Haya meusi ni yangu," akasema, akanifungulia dumu jipya, "mkwe mpe haya." Wateja walikuwa wengi kuliko asubuhi. Wote walisikia.

Nikarudi, nikapuliza mkaa uani kwa mdomo, masizi mpaka kwenye kola. Ghati akakata jogoo, pande zote mbili zikaingia sufuria moja, firigisi ikafuata, maji mengi, nyanya, kitunguu. Alipokuwa anasonga ugali wa mtama nikasikia kiti kinaburuzwa. Baba mkwe ametoka nje. Akaweka kiti chake karibu na moshi, akakaa, akanitazama nilivyopiga magoti.

Nilingoja aseme anaondoka.

"Ongeza maji," akasema. "Jogoo wa namna hii anataka saa mbili."

Na kweli zilikuwa saa mbili. Nilipuliza zote. Sinia lilipokuja safari hii, baba mkwe alilitazama kwa muda mrefu, kichwa, miguu, mabawa, vyote. Akanawa. Akamega ugali, akachovya, akala. Kwangu. Kwenye kiti changu. Nikainama nikajifanya natoa masizi jichoni.

Mwishoni akachukua firigisi. Saa mbili za kuchemka hazikuifanya kitu. Akaitafuna. Akaendelea kuitafuna. Ghati akaondoa sinia, wakanywa chai, Wambura akaeleza habari za ng'ombe wote wa Ringwani, baba mkwe bado anatafuna. Tukawasindikiza stendi, bado. Muda wa kuaga ulipofika hakuweza kufungua mdomo. Akanyoosha mkono, akanishika bega langu jeusi kwa masizi, akaitikia kwa kichwa mara mbili, akapanda gari nayo shavuni. Maji hakuyataja.

Nikapita kwa watu wote leo leo. Jiko nimelirudisha kwa Mama Bhoke likiwa limefutwa jivu. Samweli nimempa mkaa na mafuta yake, na nikanunua chipsi mbele ya watu, nikazila palepale. Chacha nimempelekea jiko lake, nimeliosha mara tatu, bado linanuka kuku kidogo. Akaniuliza kama nalilipia. Nikamwambia ukweli wa kitaalamu: kama mko wawili, mnapenda viazi, na hamna wakwe, ni jiko zuri sana.

Vya watu vyote vimerudi. Kilichobaki mikononi mwa majirani ni heshima yangu tu. Mwenye nayo ailete taratibu, bila kucheka.