Kadi ya Bastola ya Mpini wa Fedha

Jumatatu, 4 Machi
Nimepata kazi! Mzee Blagota anataka niorodheshe silaha zake zote za kale, kila moja na kadi yake: imetoka wapi, ilikuwa ya nani. Ujira ni pombe kali ya rakia na nyama kavu. Sijali. Binti yake Jelisava ndiye ananishikia tochi nikisoma mihuri ya mafundi. Nitamuoa, liwalo na liwe.

Jumanne, 5 Machi
Zdravko, daktari wa meno, kaja na keki. Naye anamtaka Jelisava. Mzee akausifu ukoo wake: mashujaa watano. Akaniuliza, na nyie mna nani? Nikataja mjomba aliyekuwa golikipa. Zdravko akasema naam, na magoli aliyofungwa bado yanasimuliwa. Mshenzi.

Jumatano, 6 Machi
Wazo limekuja! Bastola ya mpini wa fedha haina historia. Nimeijazia kadi: zawadi ya babu wa babu yangu kwa babu wa babu yake Mzee, siku huyo wa kwake alipomsimamia mtoto wa huyu wangu ubatizo. Nani atabisha? Wote wako kaburini.

Alhamisi, 7 Machi
Mzee kaisoma kadi. Kanibusu mara tatu. Kasema kumbe nyumba zetu ni ndugu wa ubatizo, na yeye ananilipa nyama kavu kama kibarua! Nimekalishwa kiti cha heshima mezani. Zdravko kapewa kigoda karibu na jiko. Raha iliyoje.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeposa. Mzee kapiga ishara ya msalaba, kauliza kama nina wazimu. Ndugu wa ubatizo hawaoani, wala wajukuu wao, hadi dunia iishe. Hilo hata mbuzi wa huku Cetinje wanalijua. Jelisava kanifuata mlangoni, macho mekundu. Kasema alikuwa anangoja nifungue mdomo tu, kadi ya nini, mjinga mimi? Nimelia njia nzima. Lakini alikuwa ananingoja!

Jumamosi, 9 Machi
Nimeamka na moyo mkunjufu. Kilichoharibiwa na kadi kitatengenezwa na kadi. Nimeandika mpya: kwa bastola hii, babu wa babu yangu alimuua babu wa babu yake Mzee. Basi undugu hakuna, ni maadui wa damu tu, na kisasi cha damu wazee wetu walikuwa wakikimaliza kwa harusi. Kesho nampelekea mwenyewe. Kila Jumapili anasafisha bunduki zake, kwa hiyo sitamkosa.